Somo: Kuhamia Mahali Papya



Somo letu latoka katika barua ambayo nabii Yeremia aliwapelekea watu waliochukuliwa mateka Babeli (Yeremia 29:1-14). Isomeni nyumbani kabla ya kuendelea. Manabii wengine walikuwa wakiwaambia watu wale kwamba muda si mrefu watarudi kwao. Yeremia akawaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, tena wauombee mji ule ule waliouchukia. Akawatajia miaka 70.

Sisi wa Kasulu na Kibondo hatuna haja ya kwenda Babeli ili kuielewa barua hiyo. Mtabila iko hapa karibu. Rais Melchior Ndadaye alipouawa huko Burundi mwezi Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu, na wengi wao waliishi katika kambi ya Mtabila hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2012. Tokea kukimbia hadi kufungwa kambi ni miaka 19. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alitoka kambini mtu mzima. Lakini aliyepewa turubai siku ya kwanza husema, "Haya ni ya muda tu," akaahirisha kuchimba choo cha maana, akaahirisha kupanda. Mwaka hupita, na wa pili ukaja.

Basi yafaa mhamiaji apande kitu kabla hajajua atakaa muda gani. Huko kambini wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita 4 bila kibali, kwa hiyo bustani ilikuwa kipande cha ardhi mlangoni. Hata hicho chatosha kwa lengalenga, ambazo huchumwa baada ya mwezi hivi. Mgomba katika baridi yetu ya milimani hutaka mwaka na zaidi. Mwenye busara hupanda vyote viwili: mboga kwa ajili ya watoto wa leo, na mgomba kwa yeyote atakayeikuta nyumba ile, awe yeye au mwingine.

Jambo la kuni na maji latutaka tukae nalo kidogo, maana ndiko ugomvi mwingi ulikotoka kati ya kambi na vijiji. Mgeni huona msitu, akachukua shoka. Mwenyeji huona mti wa babu yake umeanguka. Kuuliza, "Jamani, hapa kuni hukatwa wapi?" hakugharimu kitu. Kiha na Kirundi zinakaribiana sana hata watu wasikilizane bila mkalimani. Lakini lugha zikifanana mtu hudhani desturi nazo zimefanana, naye huacha kuuliza.

Wenyeji nasi tusijivune. Wengi wetu tulizaliwa katika vijiji ambavyo wazazi wetu walihamia. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishiwa watu vijijini, katika operesheni ya mwaka 1972, kabla Mwalimu Nyerere hajatoa agizo la Novemba 1973 kwa nchi nzima. Watu waliacha migomba yao, wakapangiwa mstari wa nyumba kando ya barabara, na mashamba yao ya zamani yakawa mbali. Waulizeni wazee waliobaki: siku ya kwanza mliomba moto kwa nani? Mzee hutaja jina la jirani yule hata leo, ijapokuwa amekwisha kusahau jina la afisa aliyempimia kiwanja.

Kuna kuhama kwa namna nyingine, nako twakusahau mara nyingi: kurudi. Tarehe 1 Agosti 2012 Warundi wengi wa Mtabila walikoma kuhesabiwa wakimbizi, na katika miezi ya mwisho ya mwaka ule zaidi ya watu 30,000 walirudishwa kwao. Watu walisema, "Wanakwenda nyumbani." Kwa kijana aliyezaliwa kambini, nyumbani ilikuwa nchi asiyopata kuiona. Wengine walikuta shamba la baba linalimwa na mtu mwingine, pengine ndugu wa damu, naye ana watoto wake juu ya ardhi hiyo. Kati ya hao wawili ni nani mwenyeji?

Someni Ruthu 1:19-22. Naomi alirudi Bethlehemu baada ya miaka kama 10, na wanawake wa mji wakashangaa kama ndiye. Alikuwa mzaliwa, lakini chakula cha nyumba ile kilipatikana kwa mkwewe kuokota masuke nyuma ya wavunaji.

Vivyo hivyo kijana wetu anayerudi kutoka Dar es Salaam baada ya miaka mingi, au mjane anayerudi kwa kaka zake, ahesabiwe mgeni kwa muda. Aonyeshwe mipaka ya mashamba mbele ya mashahidi mapema, kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Aazimwe jembe. Na aliyehamia kutoka mtaa mwingine wa kanisa aulizwe barua yake ya utambulisho kwa upole. Kama karatasi zake zilipotea njiani, asikilizwe kwanza, ndipo wazee waandikie alikotoka.

Swali la kujadiliwa katika jumuiya za nyumba kwa nyumba: tangu Pasaka, ni nani aliyehamia karibu nanyi, na watoto wake wako darasa la ngapi?