"Niazime" ina sura mbili: kutenganisha borrow na lend

Mwanafunzi amesahau rula. Mwalimu ameshatangaza kwamba leo ni Kiingereza tupu, basi anamgeukia jirani yake wa dawati na kumnong'oneza: "Borrow me your ruler." Rula anapewa, mstari unapigwa, maisha yanaendelea. Sentensi hiyo hiyo ikitua kwenye karatasi ya mtihani hukatwa kwa wino mwekundu, na mara nyingi mtoto haelezwi kwa nini. Huambiwa tu akariri: ni "lend me", si "borrow me".

Kukariri hakusaidii sana, kwa sababu kosa lenyewe halitokani na uvivu. Linatokana na kitenzi chetu "azima", kinachofanya kazi zote mbili. Tazama: "Baba, niazime baiskeli." Kisha: "Baba amesema niazime baiskeli." Katika ya kwanza ninamwomba baba anipe yake. Katika ya pili baba ananituma nikaitafute kwa mwingine. Neno "niazime" halijabadilika hata herufi moja, ila "ni" ya kwanza ni ya anayepewa, na ya pili ni ya anayetenda. Sisi tunaelewana bila kufikiri. Kiingereza hakituruhusu: sentensi ya kwanza ni "Dad, lend me your bike", ya pili ni "Dad says I should borrow a bike."

Kiingereza hapa kinataka kujua jambo moja tu, kitu kinaelekea wapi. Anayetoa ndiye "lends". Anayepokea ndiye "borrows". Kiswahili kinapotumia "azima" huwa kinajali jambo jingine kabisa, yaani kama kitakachorudi ni kile kile. Rula, baiskeli na suti ya harusi huazimwa, kwa kuwa hurudi zenyewe. Fedha na unga hukopwa: noti utakayolipa siyo ile uliyopewa, na unga ulishakuwa ugali. Wahenga waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako, na tena kukopa harusi kulipa matanga, hawakuchanganya vitenzi. Hebu vibadilishane nafasi uone methali zinavyopooza. Mwingereza hana habari na tofauti hiyo. Ngazi na kikombe cha sukari vyote kwake ni "borrow" tu.

Sasa, kwenye kukopa ndiko iliko dawa yetu. Kiswahili kimetenganisha "kukopa" na "kukopesha" wazi kabisa, na hakuna mtu mzima anayeyachanganya maneno hayo, hasa akiwa ndiye anayedaiwa. Kwa hiyo, ukikwama kwenye "azima", ifikirie sentensi yako kana kwamba inahusu fedha. "Niazime kalamu" itageuka "nikopeshe", nayo ni "lend". "Naweza kuazima kalamu yako?" itageuka "kukopa", nayo ni "borrow". Fanya hivyo mara kumi na utaona hulazimiki tena kukariri kitu.

Mtego wa pili ni "kwa". Tunasema "nimeazima kitabu kwa Juma", na kwa kuwa "kwa" yetu hubeba kwenda na kutoka, wengi huandika "I borrowed a book to Juma". Kinachotakiwa ni "from": "I borrowed a book from Juma." Juma mwenyewe akisimulia atasema "I lent him a book", au "I lent a book to him." Na hiyo "lent" ndiyo wakati uliopita wa "lend", "lended" haipo. Ukiikuta imeanza kwa herufi kubwa, "Lent", hiyo ni Kwaresima, haihusiani na deni lolote.

Mkopo wenyewe, kama jina, ni "loan". Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi badala ya "lend", na Waingereza wanaochunga lugha hukunja uso wakilisikia. Katika mtihani nakushauri "lend". Hakuna atakayekunja uso.

Mahali ambapo kuchanganya kunaweza kugharimu zaidi ya alama ni kwenye mkataba. Fomu nyingi za mikopo huandikwa kwa Kiingereza, na humo "the Lender" ni mkopeshaji na "the Borrower" ni wewe. Kila kifungu kinachosema "the Borrower shall" kinakufunga wewe, basi visome hivyo kwanza. Akitajwa "Guarantor", ni mdhamini wako. Ajabu ni kwamba "borrow" yenyewe imetokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha dhamana.

Wala tusijione wajinga kwa kuwa na kitenzi kimoja. Wajerumani wana "leihen", kinachotoa na kupokea kama "azima" yetu. Waganda, kwa upande mwingine, wametenganisha pande zote: kwao "okwazika" ni kumpa mtu kitu akitumie akirudishe na "okweyazika" ni kukichukua, zikija fedha husema "okuwola" na "okwewola". Mganda akijifunza Kiingereza somo hili halimtoi jasho.

Jambo la mwisho ni vitu visivyobebeka. Sisi huazima hata uwanja wa jirani kwa ajili ya shughuli, au ukumbi wa kanisa. Kwa kawaida "borrow" hutaka kitu kinachoweza kuondoka na mtu, kwa hiyo uwanja, ukumbi na chumba vyote huombwa kwa "use": "May we use your hall?" Ukiwa mgeni nyumbani kwa watu nawe umebanwa, sema "May I use your toilet?" Ukisema "borrow", mwenyeji atabaki akijiuliza utakibebaje.