SOMO LA KIKUNDI: YA LEO TUYAMALIZE LEO

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka hapa kwetu Solai, likaua zaidi ya watu 40. Hakuna aliyepata nafasi ya kuaga. Tajiri wa Luka 12 naye alipanga kujenga ghala kubwa. Usiku huohuo akaitwa.

Kukumbuka kifo si kukaa na hofu, wala kuacha kupanda mahindi. Tumeona wajane wakihangaikia akiba kwa sababu marehemu hakusema kitu. Basi tufanye hivi:

1. Mkikosana, pataneni kabla ya kulala.
2. Deni liandikwe, na wa nyumbani ajue.
3. Kila mwanachama aandikishe mrithi wa akiba yake.

Tujadiliane: Tukiitwa usiku huu, nani atabaki na mzigo wetu?