Ridhaa na Neno la Aliyedhulumiwa Mbele ya Hakimu

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo watu wa miji yetu ya pwani hulinong'ona sana wala hawalisomi: namna mahakama za Kenya zipimavyo madai ya ridhaa, na neno la mwanamke asemaye kuwa ameingiliwa kwa nguvu. Tumeona yafaa kulieleza kwa kuwa hukumu ya barazani huitangulia hukumu ya hakimu, na mara nyingi ndiyo imfungayo kinywa aliyedhulumiwa.

Kwanza ijulikane kuwa kesi hizi hazimo katika mamlaka ya Kadhi. Katiba ya mwaka 2010 imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ubakaji ni jinai, nao huhukumiwa kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10, nacho chaweza kufika kifungo cha maisha.

Ridhaa ni nini? Fungu la 42 la sheria hiyo lasema kwa maana kuwa mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, naye ana uhuru na uwezo wa kuchagua. Basi aliyenyamaza kwa kuogopa kisu hakuridhia, kwani hakuwa na uhuru. Wala aliyelala hakuridhia, kwani hakuwa na uwezo. Fungu la 44 lazidi kueleza: aliyetumiwa nguvu au kutishwa, aliyefungiwa, aliyezimia, na aliyenyweshwa kitu cha kumlevya pasipo idhini yake, wote huchukuliwa kuwa hawakuridhia, mpaka utolewe ushahidi wa kutosha wa kulizusha swali hilo. Ama mtoto aliye chini ya miaka 18, kukubali kwake hakuhesabiwi kuwa ridhaa.

Kwa hivyo waulizao, "Mbona hakupiga kelele? Mbona hana jeraha?" huuliza wasichoulizwa na sheria. Sheria haikusema ni lazima apigane. Imeuliza kama alikubali kwa hiari yake.

Jambo la pili ni neno lake. Kwa miaka mingi mahakama zetu, kwa kanuni zilizorithiwa kwa Waingereza, zilikuwa zikijionya zisimtie mtu hatiani kwa neno la mwanamke peke yake katika kesi hizi, isipokuwa upatikane ushahidi mwingine wa kulitia nguvu. Aliyeibiwa kuku hakuwekewa sharti hilo. Aliyevunjiwa heshima aliwekewa. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilihukumu kuwa kuwawekea wanawake sharti hilo kwa sababu tu ni wanawake ni ubaguzi ulio kinyume cha Katiba. Na hivi leo fungu la 124 la Sheria ya Ushahidi laruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyedhulumiwa peke yake, iwapo ameridhika kuwa asema kweli, naye aandike sababu zilizomridhisha. Tena katika rufani ya Mombasa namba 84 ya mwaka 2005, mahakama hiyo ilieleza kuwa kukosekana ushahidi wa daktari si mwisho wa kesi, kwani tendo laweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendwa au kwa mazingira ya jambo lenyewe.

Walakini mtu asidhani kuwa kila neno hupokewa bila ya kupimwa. Hakimu hutazama: masimulizi yake yafuatana tokea kituo cha polisi hadi mahakamani? Alimwambia nani kwanza, na alionekana katika hali gani? Alimtambuaje mtu huyo, na mwangaza ulikuwaje? Je, palikuwa na uadui wa zamani? Kutofautiana katika jambo dogo, kama saa au rangi ya nguo, hakumharibii mtu ukweli wake. Kutofautiana katika kiini ndiko kuharibuko. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashitaka, na ikibaki shaka ya maana, mshitakiwa huachiliwa. Nako kuachiliwa kwake si ushahidi kuwa mwanamke alisema uongo. Maana yake ni kuwa uthibitisho haukutimia.

Jambo la tatu ni sifa zake. Fungu la 34 lazuia kumchimbulia mambo yake ya zamani na wanaume ila kwa idhini ya mahakama. Swali ni la usiku ule na mtu yule, si la maisha yake yote.

Wako nao wasemao, "Yako wapi mashahidi manne?" Hawa wameigeuza aya kichwa chini. Aya ya nne ya Sura An-Nur yamkabili mwenye kuwasingizia zinaa wanawake wenye kujihifadhi. Ni ngao ya heshima yao, wala haikuteremshwa ili aliyedhulumiwa anyamazishwe. Na wanavyuoni wamekubaliana kuwa aliyelazimishwa hana dhambi wala hana adhabu.

Basi yatupasa nini? Haifai wazee kukutana usiku, wakapokea fedha au wakamwoza binti yule yule aliyemdhulumu, kisha wakasema mambo yamekwisha. Kwa fungu la 40, uamuzi wa kuisimamisha kesi si wa jamaa wala si wa polisi. Ni wa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma. Mwenye kufikwa na msiba huu apelekwe hospitali upesi, kabla ya kuoga wala kufua nguo alizovaa, na isipite saa 72, ili apate dawa za kumkinga na ukimwi na daktari aandike ayaonayo. Kisha aende polisi, na fomu ya P3 ijazwe.

Na sisi tulio nje tuzuie ndimi zetu, tusimhukumu yeye wala mshitakiwa. Kupima ni kazi ya hakimu. Kazi yetu ni kumfikisha mwenye kudai haki mpaka mlangoni pake, asirudishwe njiani na maneno yetu.

Wabillahi taufiki.