Somo la Ujuzi na Kipato: Programu Huria na Ujira wa Fundi

Enzi za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo hakumiliki njia wala pembe aliyoibeba begani. Alilipwa ujira na posho kwa sababu aliufikisha mzigo. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa somo hili.

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Programu-jalizi ni kipande kinachopachikwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi isiyokuwa nayo.

Mfano upo nchini. Takwimu za vituo vya afya vya Tanzania hukusanywa kupitia DHIS2, mfumo huria ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wataalamu wa HISP Tanzania waliutengenezea programu-jalizi ya kadi alama, inayoonyesha kwa rangi ni eneo gani limefikia lengo na lipi limebaki nyuma. Inapatikana bure kwa nchi yoyote itumiayo mfumo huo.

Ikiwa kitu hutolewa bure, fundi hula wapi? Kipato hutokana na kazi, wala si kuuza nakala. Mteja hulipia mambo matatu: kutengenezewa kile anachokihitaji, kufungiwa na kufundishwa matumizi, na matunzo.

Jambo la tatu ndilo husahauliwa, nalo ndilo huangusha vikundi vingi. Programu kubwa inapotolewa toleo jipya, programu-jalizi isiyorekebishwa huweza kugoma au kufungua mwanya kwa wadukuzi. Tuseme kikundi cha vijana kinatengenezea duka la dawa programu-jalizi kwa siku 20, kwa shilingi 30,000 kwa siku. Malipo ni shilingi 600,000. Matunzo yakihitaji siku 2 kila mwezi, kwa mwaka ni siku 24, sawa na shilingi 720,000. Kikundi kisichoyaandika matunzo katika mkataba kitafanya bure kazi iliyo kubwa kuliko ile iliyolipwa.

Leseni nayo isomwe kabla ya kuanza. Leseni ya GPL, inayotumiwa na WordPress, inataka kazi itokanayo na programu hiyo isambazwe kwa masharti yale yale. Haikatazi kutoza fedha. Leseni ya BSD, inayotumiwa na DHIS2, haina sharti hilo.

Kwa upande wa mtaji, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo kwa vikundi. Hata hivyo, mkopo hurejeshwa. Ni busara kikundi kipate mteja na mkataba kwanza, ndipo kikope kompyuta.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Ni huduma gani katani inayotumia daftari ambayo programu-jalizi ingeirahisisha?
2. Nani atailipia, na kwa muda gani?
3. Fundi akihama, nani ataendeleza matunzo?