Bibi Margaret na Nyimbo za Uskoti

Uskoti ni inchi ya kaskazini katika kisiwa cha Britania. Ni inchi ya milima, ya mvua na ya baridi kali. Katika mwezi wa Desemba jua latua huko hata kabla ya saa kumi jioni, na usiku ni mrefu mno.

Watu wa zamani walifanya nini katika usiku ule mrefu? Walikaa karibu na moto. Wanawake walisokota sufu ya kondoo, wanaume walitengeneza vyombo vyao. Kisha mmoja alianza kuimba, na wote walinyamaza, hata watoto.

Nyimbo zao nyingi zilikuwa hadithi. Ziliimba vita vya mipakani, wezi wa ng’ombe, wachumba waliotengana, na wafu waliorudi usiku kuwaonya wazima. Wimbo mmoja unaojulikana sana ni ule wa Sir Patrick Spens, nahodha wa merikebu. Mfalme alikaa Dunfermline, akamwandikia barua aende safari ya mbali baharini. Ulikuwa wakati mbaya wa dhoruba. Nahodha aliona wazi hatari ile, lakini alimtii mfalme. Merikebu ilizama pamoja na watu wote, na wake zao waliwangoja bure pwani.

Mwimbaji wa nyimbo hizo hasemi: «Mfalme alikosa.» Hasemi: «Mimi nina huzuni.» Asimulia tu mambo yaliyotokea, na msikilizaji ahukumu mwenyewe moyoni mwake.

Nyimbo hizo hazikuandikwa. Mama alimfundisha binti yake, na binti alimfundisha mtoto wake. Basi, mzee alipokufa bila kufundisha mtu, nyimbo zake zilizikwa pamoja naye.

Bwana mmoja, jina lake Walter Scott, aliona hatari hiyo. Alikuwa mwamuzi na mwandishi. Alizunguka katika vijiji vya kusini mwa Uskoti, akawasikiliza wazee, akaandika maneno yao. Katika mwaka 1802 alitoa vitabu viwili vya nyimbo hizo, na cha tatu katika mwaka 1803.

Katika bonde la Ettrick alikaa mama mzee, Margaret Laidlaw. Mwanawe, James Hogg, alikuwa mchungaji wa kondoo, na baadaye naye akawa mwandishi mwenye sifa. Margaret alijua nyimbo nyingi kwa moyo. Scott alikwenda kumtembelea, na yule mama alimwimbia wimbo mrefu wa vita. Scott alifurahi sana, akamwuliza kama wimbo ule umekwisha kuchapwa katika kitabu.

Margaret hakuogopa ukubwa wa mgeni wake. Alimwambia wazi kwamba nyimbo hizo zilifanywa ziimbwe, hazikufanywa zisomwe. Sasa amezichapa, amezivunja nguvu, wala watu hawataziimba tena. Tena alisema kwamba hazikuandikwa sawasawa.

Je, Bibi Margaret alisema kweli? Kwa upande mmoja, ndiyo. Scott alizoea kurekebisha maneno aliyoyasikia, akaunganisha wimbo huu na huu. Tena, kitabu chake kilionyesha maneno tu. Sauti haikuonekana katika karatasi. Lakini kwa upande mwingine, nyimbo nyingi zingepotea kabisa kama Scott hangeziandika.

Wala nyimbo hazikukoma vinywani mwa watu. Zilibaki hasa kwa watu waliodharauliwa. Katika Uskoti kulikuwa na ukoo wa watu wa kutangatanga. Walilala katika hema, walitengeneza vyombo vya bati, walivuna katika mashamba ya wengine. Wenye nyumba waliwacheka, wakawafukuza. Kumbe, watu wale walikuwa na hazina!

Katika mwaka 1951 chuo kikuu cha Edinburgh kilianzisha nyumba ya kutafuta desturi za Uskoti. Mmoja wa watu wake, Hamish Henderson, alisafiri akichukua mashini ya kunasa sauti. Katika mwaka 1953, mjini Aberdeen, alimkuta mwanamke wa ukoo ule, Jeannie Robertson. Jeannie alizaliwa katika mwaka 1908, na nyimbo zake alizipata kwa mama yake. Hamish alipomsikia alishangaa sana: nyimbo za kale zilikuwa hai bado! Sauti ya Jeannie ilijulikana mpaka Marekani. Katika mwaka 1968 alipewa nishani ya heshima. Alikufa katika mwaka 1975, lakini binti yake, Lizzie Higgins, aliimba baada yake.

Basi, kitabu ni kizuri, kwa sababu chalinda maneno. Mashini ni nzuri, kwa sababu yalinda sauti. Lakini wimbo waishi kweli pale mkubwa anapouimba na mdogo anapousikiliza. Asiyesikiliza leo, kesho hana cha kuimba.

MAULIZO

1. Kwa nini watu wa Uskoti waliimba hasa usiku?
2. Bibi Margaret alilaumu kitabu cha Scott kwa sababu gani?
3. Nani walilinda nyimbo za kale? Watu wengine waliwatendea namna gani?
4. Mwombe mzee mmoja wa kwenu akuimbie wimbo wa hadithi. Jifunze, kisha uuimbe mbele ya wenzako.