Mashauri Mawili Juu ya Jambo Moja

Mara nyingi mtu aliyeshindwa kortini husikika akisema, "Nitafungua shauri jingine mahali pengine, mbele ya hakimu mwingine." Kabla hajauza ng'ombe wake ili kulipa gharama za shauri hilo jipya, yafaa ajue sheria ya Kenya yasemaje.

Tuchukue mfano. Mtu amenunua ekari mbili za shamba na kulipa fedha, lakini mwenye shamba akataa kumpa hati. Mnunuzi afungua shauri katika korti ya hakimu huko Thika. Mwuzaji, badala ya kulijibu, apeleka madai yake mwenyewe katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akitaka mnunuzi afukuzwe shambani. Mashauri ni mawili, lakini jambo la kuamuliwa ni moja: je, shamba liliuzwa kwa haki au sivyo?

Hapo sehemu ya 6 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 21, yakataza shauri la pili lisiendelee kusikilizwa maadamu la kwanza halijakatwa. Kinachotazamwa ni shauri lipi lilitangulia kufunguliwa, mradi korti ile ya kwanza iwe na uwezo wa kutoa haki inayoombwa. Shauri la pili halifi, lasimama likingoja. Kama si hivyo, korti moja ingeweza kusema shamba ni la mnunuzi na nyingine ikasema ni la mwuzaji, na mwenye kutekeleza amri asijue amtoe nani. Mashauri yote mawili yakiwa katika korti moja, jaji aweza kuyaunganisha ili mashahidi waseme mara moja tu.

Hukumu ikiisha kutolewa, sehemu ya 7 ndiyo itawalayo. Jambo lililosikilizwa na kukatwa kabisa na korti yenye uwezo halifunguliwi tena baina ya watu wale wale, wala baina ya warithi wao wanaodai kwa haki ile ile. Kwa hiyo mwana wa mwuzaji hawezi kuja baada ya miaka kumi kuanza upya neno la baba yake.

Lililowaumiza wengi zaidi ni hili: sheria hulihesabu pia jambo ambalo mtu angeweza kulitaja, na lilimpasa kulitaja, lakini akanyamaza. Kanuni hiyo ilielezwa na jaji mmoja wa Uingereza mwaka 1843, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ilishikilia kwamba katazo la kurudia mashauri lahusu hata yale ya Katiba. Basi mwuzaji akijua kwamba fedha hazikulipwa zote, naye akaifungia hoja hiyo sandukuni ili imfae siku nyingine, siku hiyo haitafika. Ni ujanja unaomrudia mwenyewe.

Asiyeridhika na hukumu akate rufani kwa wakati. Akipata ushahidi mpya wa maana, ambao hata kwa bidii asingaliupata mapema, aombe korti iliyotoa hukumu iitazame tena.

Wala kuficha hakufai. Kila mdai hutakiwa kueleza katika hati yake ya madai, na kuthibitisha kwa kiapo, kwamba hakuna shauri jingine linaloendelea, wala halijapata kuwapo, baina yake na mdaiwa juu ya jambo lile lile.