Mwalimu wa Sauti ya Kati
Somo kwa walimu wa kwaya na wazee wa usharika. Kwanza someni: 1 Nyakati 25:1–8.



Katika sura hii twaona waimbaji wa nyumba ya Mungu wakipangwa kwa zamu 24, kila zamu watu 12, jumla yao 288. Angalieni jinsi kura ilivyopigwa: mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Ili tulifahamu jambo hili, na tutazame maisha ya mwalimu mmoja wa nchi ya mbali.

Wazee wetu wa Buhaya waijua enanga, ule ubao uliochongwa, ambao uzi wake mmoja hupitishwa mara nyingi toka upande huu hata upande huu. Wazungu nao wana jamii ya vinanda vya nyuzi vipigwavyo kwa upinde. Fidla ndiyo mdogo wao, sauti yake ya juu. Sello ni mkubwa, sauti yake nzito. Katikati yao kuna viola, yenye nyuzi nne, umbo lake kama fidla, lakini kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi. Watu wanne wakikaa pamoja, fidla mbili, viola na sello, hupiga bila mtu wa kusimama mbele na kuwaongoza. Kila mmoja hana budi kumsikiliza mwenziwe. Viola ni kama sauti ya pili na ya tatu katika kwaya zetu: wasikilizaji wengi hawaitambui, lakini ikikosekana wimbo huwa mtupu. Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu aliyefariki mwaka 1750, alipenda kupiga viola; mwanawe aliandika habari hiyo mwaka 1774.

Karen Tuttle alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Idaho, Marekani. Alianza kwa fidla, wala hakuwa na raha nayo. Mwaka 1941 alimsikia William Primrose, bingwa wa viola, akipiga kwa wepesi, mwili wake umetulia. Akaomba kufundishwa naye. Primrose alikubali, ila kwa sharti: aiache fidla, ashike viola, amfuate katika chuo cha Curtis, mjini Philadelphia. Akaiacha sauti ya juu isifiwayo na wengi, akaingia katikati. Alimaliza masomo yake mwaka 1948. Baadaye akawa mwalimu katika chuo kile kile, na katika vyuo vya Juilliard na Peabody pia.

Hata alipokuwa mwalimu hakuacha kuwa mwanafunzi. Alikwenda Prades, Ufaransa, kujifunza kwa Pablo Casals, mpiga sello mashuhuri. Naye aliwafundisha vijana kuulegeza mwili uliokazana, kupumua, na kuyapatanisha mwendo wa mkono na yaliyomo moyoni. Aliwafundisha pia kupiga pamoja katika makundi madogo. Alifariki mwaka 2010. Mmoja wa wanafunzi wake, Kim Kashkashian, alikuwa mwalimu naye. Mwaka 2010 alianzisha kazi ya wapiga muziki wanaokusanya msaada kwa ajili ya wenye njaa. Basi tazameni: mafundisho ya mtu mmoja yakaenda mbali kuliko mkono wake.

Sasa tujipime sisi. Nimeona usharika mmoja ambao mwalimu wake aliificha karatasi ya nyimbo sandukuni, asimwonyeshe mtu noti zake, ili asiwepo wa kushika mahali pake. Alipohamishwa, nyimbo zikahama pamoja naye. Jumapili iliyofuata watu walisimama, wakatazamana. Huyo alikuwa mwimbaji hodari, lakini hakuwa mwalimu. Nasi wachungaji tusimcheke, maana wangapi kwetu tumewafundisha wazee kuongoza ibada tukiwa mbali?

Yako mambo matatu ya kushika. Kwanza, yeye apangwaye katikati asijidharau, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Pili, mwalimu asiyejifunza tena hukauka kama kisima cha kiangazi. Tatu, karama haikupewa mtu awe bwana wake, bali awe wakili. Naye wakili lazima akabidhi. Kazi ya mwalimu hupimwa siku ile asipokuwapo.

Maswali ya kuzungumza:

1. Je, katika kwaya yetu ni nani ajuaye kufundisha, zaidi ya mwalimu mwenyewe?
2. Je, twawashukuru waimbao sauti za kati, au twawasifu wa juu tu?
3. Ni kazi gani usharikani iliyo mikononi mwa mtu mmoja tu? Nani atafundishwa mwaka huu?

Bwana atupe mioyo ya kupokea na mikono ya kukabidhi. Amina.